Jodari wa Chiriku

Kila likizo, asubuhi za nyumbani kwa Shangazi zilianza kwa namna moja. Shangazi aligonga mlango wa chumba cha watoto kwa mwiko na kuita, "Amkeni, wenzenu wanamaliza samaki!" Kabla hajagonga tena, Bosi alikuwa ameshavaa viatu na kushika kikapu.

Bosi alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Alikuwa na jina zuri la shuleni, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia, kwani tangu utotoni alikuwa akiwaelekeza watu wazima pa kukaa na nani apakuliwe kwanza. Shangazi, dada wa baba yake, alikuwa muuguzi katika zahanati ya mji mdogo wa pwani, na aliishi pamoja na Bibi. Shule zilipofungwa, Bosi alihamia kwao.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Anayechagua samaki sokoni ndiye anayempika, na chakula kikiiva, ndiye anayekula tonge la kwanza huku wengine wote wakimtazama. "Ukituletea uchafu, uanze kuugua wewe," Bibi alipenda kusema, kisha akacheka peke yake mpaka akafuta machozi. Miaka yote mchaguzi alikuwa Bosi. Hakuna kitu alichokipenda kama kile kimya cha mkekani, macho yote kwake, Shangazi akisubiri aitikie kwa kichwa kwamba chakula ni kizuri.

Likizo hii baba mdogo alimleta binti yake pia. Huyu alikuwa mdogo kidogo kwa Bosi, na walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Aliuliza kwa nini bahari ina chumvi, kwa nini paka wa Shangazi hana mkia, na kwa nini Bibi anakoroma kwa sauti mbili. Bibi akacheka. Shangazi naye akacheka. Bosi hakuona cha kuchekesha hapo.

Sasa asubuhi moja, wakiwa wamefika sokoni, Shangazi alimgeukia Chiriku. "Leo atachagua mgeni wetu."

Bosi alidhani hakusikia vizuri. "Shangazi, huyu hajui samaki!"

"Ndiyo maana atachagua. Atajuaje asipojaribu?"

Sakafu ya soko ilikuwa imelowa maji ya barafu iliyoyeyuka, na wauzaji walikuwa wakiitana juu ya meza za saruji. Chiriku alisimama mbele ya mama mmoja mwenye aproni ya plastiki, akamwamkia, kisha akaanza maswali yake. Huyu samaki anaitwaje? Amevuliwa lini? Nikimbonyeza ataumia?

"Hawezi kuumia tena, mwanangu," yule mama alisema akicheka. "Mbonyeze. Kidole kikiacha shimo, mwache. Nyama ikirudi, mchukue."

Chiriku alibonyeza, akafunua mashavu ya samaki kutazama wekundu wake, akainama kunusa mpaka ncha ya pua ikagusa magamba. Mwishoni akaonyesha kwa kidole jodari mdogo mnene, aliyelala chini ya wenzake. Shangazi alimgeuza yule jodari huku na huku, halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya tatu, "Huyu mtoto ana jicho la kuchagua!"

Maneno hayo yalimchoma Bosi. Kwa miaka yote aliyochagua samaki, Shangazi alikuwa akimwambia "vizuri" au "haya, twende". Hajawahi kuambiwa ana jicho. Yule mama alipokuwa akimkatakata jodari vipande na kuvitia kwenye mfuko, Bosi alitazama pembeni na kumchukia Chiriku, akamchukia jodari, akamchukia hata yule mama na aproni yake.

Nyumbani waliuweka mfuko ndani ya kasha la barafu jikoni, wakafunika. Samaki angepikwa alasiri. Shangazi akasema twendeni tukaogelee, na Bibi akasema naye atakwenda kulowesha miguu.

"Mimi kichwa kinaniuma," alisema Bosi.

Shangazi alimgusa shingo kwa kiganja. "Huna homa. Basi pumzika, mama."

Walipoondoka, Bosi alikaa jikoni akilitazama kasha. Akilini alimwona Chiriku mkekani, shingo imenyooka, akila tonge la kwanza. Alimsikia Bibi akimshangilia. Halafu wazo likamjia, na wala hakulifikiria mara mbili. Aliutoa mfuko, akaupeleka uani, akauweka juu ya saruji ya kufulia pale penye jua kali, akaufunika kwa beseni ili paka asiufikie.

Hakutaka mtu augue. Alichotaka ni samaki anuke. Chiriku angefungua mfuko, wote wangeziba pua, jodari angetupwa, na Shangazi angejua nani ana jicho katika nyumba ile. Alipowasikia wakirudi, muda mrefu baadaye, maji ndani ya mfuko yalikuwa ya moto. Akayamwaga haraka, akauzika mfuko ndani ya barafu, akarudi kitandani.

Alasiri Chiriku alifungwa kanga kiunoni kama mpishi wa harusi. Bosi alisimama mlangoni akingoja. Chiriku alifungua mfuko, akaingiza pua. "Ananukia bahari tu," alisema. Akakamua ndimu nyingi, akatia chumvi, akaponda kitunguu saumu. Vipande vilikuwa baridi tena na havikuwa na harufu ya kumshtua mtu. Bosi aliudhika, kisha akashusha pumzi. Basi hakikuharibika kitu. Wivu wake umepita bure na hakuna atakayejua.

"Shangazi," alisema Chiriku, huku mafuta yakichemka, "kwa nini tulimlaza kwenye barafu? Si tungemwacha tu mezani, ilmradi anapikwa leo leo?"

Shangazi alikuwa akimenya vitunguu, macho yamejaa machozi. "Thubutu! Samaki wa aina hii akikaa kwenye joto anatengeneza sumu. Mtu akila, uso unakuwa mwekundu, midomo inavimba, anatapika, moyo unakwenda mbio. Mwezi uliopita waliletwa zahanati baba na mwanawe, mtoto hata pumzi ilikuwa shida."

"Lakini moto si unaua sumu?"

"Hiyo moto hauiwezi, mwanangu. Hata umkaange awe mkaa. Na baya zaidi, anaweza asinuke kabisa. Ukimrudisha kwenye barafu ndiyo kwanza umeuficha ukweli."

Bosi alilitazama kasha la barafu. Miaka yote alikuwa akiweka samaki kwenye barafu kwa sababu aliambiwa aweke. Hajawahi kuuliza kwa nini.

Alitoka uani, akarudi jikoni, akatoka tena. Alitaka kusema, lakini kila alipofungua mdomo aliona uso wa Shangazi ukibadilika. Atanichukia. Atanirudisha nyumbani kesho. Chiriku atabaki hapa milele na kuitwa mwenye jicho. Labda hakukaa juani sana. Labda Shangazi ametia chumvi tu kuwatisha watoto.

"Bosi, tandika mkeka!" aliita Bibi. "Mbona leo umekuwa kama kuku anayetaka kutaga?"

Walikaa. Wali ulikuwa unafuka moshi na vipande vya jodari vilikaangwa vikawa rangi ya dhahabu. Chiriku alinawa, akajikohoza kidogo, akamega kipande kikubwa. Alikuwa na furaha tele. Wote wakanyamaza na kumtazama, sawasawa kama walivyokuwa wakimtazama Bosi.

"Usile!"

Bosi mwenyewe hakujua kama sauti ile ni yake. Alikuwa amesharuka juu ya bakuli la wali na kuushika mkono wa Chiriku. Kipande kikaanguka mkekani.

"Una wazimu?" alisema Bibi.

"Nilimtoa kwenye barafu," Bosi alisema, akilia. "Mlipokwenda kuogelea. Nilimwanika juani mpaka mkarudi. Nilitaka anuke. Nilitaka mseme Chiriku hajui."

Shangazi alichukua sahani zote za samaki moja moja, akamimina vipande vyote kwenye sufuria. Hakugomba, na hilo lilimtisha Bosi kuliko kugombezwa. Akamkabidhi jembe dogo. "Chimba shimo refu nyuma ya nyumba. Paka asimfikie huyo samaki. Ukimaliza, unawe kwa sabuni, urudi tule wali."

Walikula wali kwa kitunguu cha kukaanga. Bibi alitafuna kwa huzuni, akisema kila mara kwamba jodari alikuwa mnene. Chiriku hakuuliza swali hata moja, na kimya chake kilijaa chumba kizima.

Baada ya kula, Shangazi alimkuta Bosi amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Akaketi kando yake.

"Unajua Chiriku angekula kipande gani? Kile kikubwa kuliko vyote."

"Najua, Shangazi."

"Na kama ungenyamaza, wa pili angekuwa Bibi. Yule hana nguvu za kuhimili sumu." Shangazi alimshika bega. "Nina hasira na wewe, nisikufiche. Lakini umesema kabla ya tonge, na hilo nimeliona. Sasa niambie kilichokuuma."

"Ulisema ana jicho. Mimi hujawahi kuniambia."

Shangazi alimgeukia. "Kumbe! Mimi nilidhani wewe unajijua. Nimekuzoea mpaka nimesahau kukusifu. Hilo ni kosa langu, nimelisikia. Lakini la jua ni lako."

Usiku ule ule, kabla taa haijazimwa, Bosi alimwomba Chiriku msamaha. Chiriku aligeukia ukutani na kusema, "Kesho nitakusamehe. Leo bado nina hasira." Bosi akaona ni haki yake.

Asubuhi walikwenda tena sokoni. Yule mama wa aproni aliwaona kwa mbali. "Haya, wateja wangu! Jodari wa jana alikuwaje?"

Chiriku alifungua mdomo. Bosi alingoja asikie habari zake zikitangazwa soko zima, na alijua hangeweza kulalamika. Lakini Chiriku alimtupia jicho, akaufunga mdomo. Kwa Chiriku, hiyo ilikuwa zawadi kubwa.

"Alikuwa mzuri, mama," Bosi alisema mwenyewe, uso ukimpata moto. "Mimi ndiye niliyemharibu. Nilimwacha juani makusudi. Tulimtupa."

Yule mama aliguna. "Makusudi? Wavuvi wamehangaika naye baharini, wewe unampika kwa jua?" Akatikisa kichwa, lakini akawasogezea sinia.

"Chiriku, chagua," alisema Shangazi. "Jana hukula ulichokipika."

Chiriku aliinama juu ya samaki na maswali yake yakaanza upya. Bosi alisimama na kikapu, na pale pale akausikia tena. Wivu ule ule wa jana, mahali pale pale kifuani, kama vile hakuchimba shimo wala kuomba msamaha. Akashangaa. Alidhani umekwisha. Akamvuta Shangazi mkono.

"Shangazi," alinong'ona, "naona wivu tena."

Shangazi hakucheka. Alikichukua kikapu akakishika yeye, akamweka Bosi karibu na ubavu wake.

"Vizuri umeniambia," alisema. "Wivu humjia kila mtu, hata mimi kule zahanati mwenzangu akisifiwa. Kuusikia si kosa. Kosa ni kuuficha na kuuacha ukutume mabaya. Ukikujia, mtafute unayemwamini umwambie, kama hivi. Haya, umeusema. Bado unauma?"

Bosi alifikiri kwanza, kwa sababu hakutaka kudanganya tena.

"Unauma," alisema. "Lakini sasa naweza kusimama nao."