Muhuri Usio na Wino

Nyumba iliibwa mchana kweupe, na kuta zake zikabaki zimesimama palepale.

Inspekta alipofika aliikuta imetiwa kufuli jipya. Barazani, juu ya godoro lililokunjwa, alikaa mama mmoja mjane aliyepakata sufuria kama aliyepakata mtoto. Kabati, vitanda na picha ya harusi vilikuwa vimerundikwa uani. Ukutani, mtu alikuwa amechora alama kubwa ya X kwa rangi nyekundu.

"Hiyo ni ya nini?" aliuliza Inspekta.

"Ya tingatinga. Linakuja kesho asubuhi," alijibu mnunuzi, mfanyabiashara mwenye tumbo lililomtangulia. "Mimi nilinunua kiwanja, afande, sikununua vyumba. Na karatasi zangu zimenyooka."

Zilikuwa zimenyooka kweli. Marehemu mume wa mjane aliiandikisha nyumba ile kwa jina la binti yao wa pekee, muuguzi anayefanya kazi ng'ambo. Na hii hapa hati ya uwakilishi ya binti huyo, kurasa mbili. Wa kwanza ulisema anampa dalali fulani mamlaka ya kuiuza nyumba. Wa pili ulikuwa na picha yake, sahihi yake, na muhuri wa ubalozi mdogo wa nchi yake huko ng'ambo.

Inspekta alichuchumaa mbele ya mjane. "Mama, binti anasemaje?"

"Sijampokelea simu," alisema mama bila kuinua macho. "Mtoto niliyemzaa mwenyewe. Ataniambia nini?"

"Unalala wapi leo?"

"Kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Mungu ambariki. Yeye ndiye aliyeijenga nyumba hii."

Dalali alikamatwa kabla ya adhuhuri. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo aliyabana.

"Hati uliipata wapi?"

"Ililetwa."

"Na nani?"

"Mjumbe wa binti."

"Jina?"

"Sikuuliza."

"Na fedha za mauzo?"

"Alichukua huyohuyo mjumbe. Mimi nilikula kamisheni yangu tu, afande. Ni halali yangu."

"Halali yako utaimalizia mahabusu," alisema Inspekta, akampigia muuguzi simu ya video.

Muuguzi alitokea kwenye kioo akiwa na sare ya kazi, macho yamevimba kwa kulia.

"Sikuuza, afande! Niuze nyumba mama yangu akalale wapi?"

"Uliwahi kwenda ubalozini?"

"Mara moja tu. Hospitali inataka vyeti vyangu vya shule, bila hivyo hawanipandishi cheo. Nikaandika ruhusa ili baba mdogo akavichukue kwenye baraza la mitihani. Nilipanda treni alfajiri, nikashinda kwenye foleni, nikatia sahihi mbele ya ofisa, wakathibitisha. Nikamtumia."

"Vyeti vimepatikana?"

"Bado. Kila nikimpigia, mara foleni, mara ofisa yuko likizo, mara mtandao hakuna."

Inspekta aliandika neno moja: *baraza*. Kisha akawapigia ubalozi mdogo na kuwatumia picha ya ile hati. Ofisa aliyepokea alikuwa mtu wa adabu na haraka.

"Muhuri ni wetu. Sahihi iliyo chini yake ni yangu. Na yule dada namkumbuka, alikuja na sare ya hospitali."

"Mlibaki na nakala?"

"Hapana. Mwenyewe huondoka na hati yake."

Koplo, ambaye alikuwa akisikiliza kando, alipumua kwa nguvu. "Basi kesi imekwisha, afande. Kikulacho ki nguoni mwako. Binti kamuuza mama yake."

Inspekta aliikodolea macho ile hati. Kuna kitu kilikuwa kinamkereketa, kama mwiba wa samaki kooni. "Samahani, ofisa. Huwa mnaigongaje hiyo mihuri?"

"Wa wino tunagonga kwenye sahihi. Halafu kuna ule mkavu, wa chuma, usio na wino. Tunaukandamiza kwenye pembe, kurasa zote kwa pamoja, ili mtu asije akachomoa mmoja na kuchomeka mwingine."

Inspekta alifumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya ukurasa wa pili. Vipele. Duara zima la vipele vidogo. Akapitisha kwenye pembe ya ukurasa wa kwanza.

"Koplo, lete kidole chako. Unasikia nini?"

"Laini, afande. Laini kama kioo."

"Ukurasa huu haujawahi kukanyaga ubalozini."

Koplo alijikuna kisogo. Kesi aliyoifunga ilikuwa imefunguka mbele ya macho yake.

Walikimbiza hati maabara. Mtaalamu wa nyaraka aliulaza ukurasa wa pili chini ya mwanga wa pembeni, na duara la muhuri mkavu likasimama kama kovu. Wa kwanza haukuwa na kitu. Nyuma ya ukurasa wa pili alikuta pia alama ya kidole gumba ambayo haikuwa ya dalali wala ya mnunuzi.

"Mistari yake imelika," alisema. "Huyu ni mtu wa saruji au chokaa. Mikono ya namna hii huwa tunaiona kwa mafundi ujenzi."

Inspekta alishukuru, akavaa kofia yake. Baraza la mitihani lilikuwa njiani. Pale hawakuwa wamemwona mtu yeyote aliyekuja kuomba vyeti vya muuguzi.

Yule shemeji wa mjane, mtaa mzima ulimwita Timazi, kwa sababu ukuta wake ulikuwa umenyooka hata kabla hajautundikia timazi kuupima. Alikutwa kwenye jengo la watu, mwiko mkononi. Kituoni alichukuliwa alama za vidole, ya gumba ikaoana na ile ya kwenye hati. Alikaa wima, mikono yenye nyufa juu ya meza.

"Hati ya binti wa kaka yako uliipeleka wapi?"

"Baraza la mitihani."

"Nimetoka huko. Hawakujui."

"Watu wa ofisini wana kumbukumbu?"

"Dalali unamjua?"

"Simjui."

"Mnunuzi?"

"Sijapata kumtia machoni."

"Kidole gumba chako kimefikaje kwenye hati yao?"

Timazi alikunja vidole. "Mimi ni fundi, afande. Karatasi nyingi hupita mikononi mwangu."

Inspekta aliegemea kiti. Alikuwa ameisikia sauti ya mjane ikisema *yeye ndiye aliyeijenga*, na ilikuwa haijamtoka.

"Leo ulipita kuiona ile nyumba?"

"Sina moyo wa kuiona."

"Basi hujaona alama nyekundu. Kesho asubuhi linakuja tingatinga. Haibaki hata tofali."

Timazi alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Tingatinga? Haiwezekani! Aliniapia atahamia na familia yake!"

"Nani aliyekuapia?"

Fundi alitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

"Kaa, baba," Inspekta alimwambia kwa upole. "Sasa niambie."

Na akaeleza. Msingi aliuchimba yeye. Kila tofali alililaza yeye, jua na mvua, bila ujira, kwa sababu kaka yake alimwahidi vyumba viwili vya nyuma. Kaka akafa, na hati ikatoka na jina la msichana.

"Nikajenga nyumba, nikabaki mpangaji. Naye huko ng'ambo hajui hata mlango unafungukia upande gani! Iliponifikia karatasi yenye sahihi yake, shetani akanikalia begani. Nikachomoa ukurasa wa kwanza, nikachapisha mwingine, nikajifanya mjumbe wake kwa dalali na mnunuzi. Fedha ziko chini ya kitanda. Sijagusa hata noti. Nilitaka tu naye aonje kukosa."

"Aliyelala kwenye godoro la kukunja ni shemeji yako, si yeye."

Timazi akainamisha kichwa mezani, akalia kama mtoto.

Asubuhi tingatinga lilifika likinguruma, likamkuta Inspekta amesimama mlangoni na amri ya mahakama mkononi. Mnunuzi alifoka, akaisoma, akanywea. Fedha zake zilikuwa kituoni zikimsubiri. Dereva alicheka, akaligeuza tingatinga, akarudi alikotoka.

Kufuli likakatwa. Koplo, bila kuambiwa, alibeba kabati mgongoni. Majirani wakadaka vitanda. Mjane alisimama kizingitini asiamini, mpaka Inspekta alipomwekea simu sikioni.

"Mama? Mama, sikuuza."

"Najua, mwanangu. Nimeambiwa yote. Nisamehe sikukupokelea."

"Nitarudi ubalozini kuomba ruhusa nyingine ya vyeti. Safari hii naandika jina lako."

"Andika. Nitakwenda kwa miguu yangu, na wakiniambia foleni, nitakaa kwenye foleni mpaka waniombe niondoke." Mama akacheka, mara ya kwanza tangu afukuzwe. "Sasa nyamaza kidogo, uwasikie wenzio."

Akaiinua simu juu ya kichwa chake, na uani vigelegele vikapasuka.