Mlango wa Kushoto wa Pijo ya Mzee Mapunda

Mkunjabati uliishika karatasi ya bati kwa mikono yake minne, ukaipasha joto kwa mwali wa leza, kisha ukaanza kuipitisha katikati ya magurudumu mawili ya chuma, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayesukuma chapati bila haraka. Mtambo huu haukutumia nyundo wala kalibu. Ndani yake mlikuwa na akili unde iliyoweza kuangalia picha moja ya gari la kale, hata iliyofifia, na kulifufua umbo lake kwenye bati bila kukosea hata kwa unene wa unywele. Jiji zima la Makambako, pamoja na reli zake za angani na kituo chake cha vyombo vya mwezini, halikuwa na mtambo wa pili wa aina hiyo. Mhandisi Otilia Mapunda, aliyeubuni, alizoea kuutazama ukifanya kazi huku amekunja mikono na kuiona dunia imenyooka.

Asubuhi ile dunia haikunyooka. Mkunjabati ulimaliza mlango wa kushoto wa Pijo, gari la kale la marehemu baba yake, ukauinua juu ili auone vizuri, na mlango ulikuwa na kitambi.

Ingekuwa hitilafu ndogo ya kupinda, angevumilia. Lakini hiki kilikuwa kitambi hasa, cha duara, kilichoanzia chini ya dirisha na kuning'inia mpaka chini kabisa. Kilikuwa na kitovu.

"Hiki ni nini?" Otilia aliuliza.

"Mlango wa mbele wa kushoto," mtambo ulijibu kwa upole wake wa siku zote. "Unalingana na ushahidi kikamilifu."

"Ushahidi gani unaosema mlango una kitovu?"

"Ushahidi wa Mzee Severini Kikoti."

Hapa lazima tueleze sheria, maana bila sheria mtu asingehangaika na ushahidi. Makambako ya siku zile haikumruhusu binadamu kuendesha gari kwa mikono yake. Magari yalijiendesha yenyewe, na abiria kazi yao ilikuwa kusinzia. Ruhusa ilitolewa kwa magari ya kale peke yake, tena yaliyothibitishwa kuwa na umbo lao la asili. Upande wa kulia wa Pijo ulionekana kwenye picha ya harusi, kwa hiyo haukuwa na shida. Upande wa kushoto haukuwa na picha hata moja. Kunakili wa kulia na kuugeuza kulikatazwa, kwa sababu magari ya zamani yaligongwa, yakanyooshwa, yakagongwa tena, mpaka ubavu mmoja haukufanana na mwenzake. Pasipo na picha, sheria ilitaka shahidi aliye hai, asiyekuwa ndugu wa mwenye gari. Shahidi huyo alikuwa mmoja tu duniani, naye ni Mzee Kikoti wa Iringa, aliyekalia kiti cha kushoto cha Pijo ile tangu ujana wake.

Mkaguzi alikuwa anakuja kesho. Jumamosi kulikuwa na misa ya kubariki kaburi la Mzee Longinus Mapunda kule Peramiho. Mjane wake, Bi Gaudensia, alikwisha kusema mbele ya padri kwamba hatapelekwa kwa mume wake na kijisanduku kisicho na dereva, kana kwamba ni kifurushi. Ama aende na Pijo, binti yake akiwa kwenye usukani, ama abaki nyumbani. Otilia alimjua mama yake. Angebaki kweli.

"Nionyeshe kwa maandishi alichosema huyo mzee," aliuambia mtambo. Siku ya ushahidi alikuwa amewaacha wawili hao peke yao, akaenda kwenye mkutano.

Mkunjabati ukaandika kwenye kioo chake: "'Mapunda? Yule mlafi? Mlango wake ulivimba kwa nje, maana tumbo lilikosa pa kukaa. Madigadi yalikuwa masikio ya panya, kwa kuwa na mwenyewe alikuwa panya. Buti ilikuwa finyu kama roho yake.' Madigadi na buti vipo kwenye foleni. Je, masikio ya panya yawe na manyoya?"

"Simamisha foleni," Otilia alisema.

Mzee Kikoti aliitwa, akaja. Alikuwa mzee mwembamba, mrefu, mwenye kofia ya sufu. Alipouona mlango alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kisha midomo yake ikaendelea kucheza kwa muda mrefu bila Otilia kusikia chochote. Mwishoni yakapenya maneno matatu tu: "na mlango wake."

Otilia aliigonga punje iliyokuwa sikioni mwake. Kila mkazi wa jiji alivaa punje. Ilifasiri lugha, ilipunguza kelele, na tangu ilipopitishwa Sheria ya Staha ilifuta pia matusi yote kabla hayajamfikia msikilizaji. Kizazi cha Otilia hakikuwahi kutukanwa hata mara moja, na kilijivunia jambo hilo. Mkunjabati, kwa kuwa ulikuwa mtambo wa vipimo, haukuvishwa punje. Otilia akaichomoa yake.

"Nasema hivi," Mzee Kikoti alirudia, "marehemu baba yako alikuwa mwizi wa kuku. Tena wa kuku wagonjwa, maana wazima walimshinda mbio."

Otilia alihisi masikio yake yanawaka moto. "Mzee, si ulikuwa rafiki yake?"

"Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Nilikuwa mtani wake."

Neno hilo Otilia alikutana nalo utotoni, kwenye jumba la makumbusho. Alidhani ni aina ya ngoma.

Mzee alimtazama kwa huruma. "Mngoni akifa," alieleza, "Mhehe ndiye anayekwenda kuchekesha msibani, wafiwa wapate kupumua. Namsema marehemu, nazuia jeneza, sitoki hapo mpaka nipewe ugoro wangu. Hapo ndipo mtu amezikwa. Sasa mwaka jana nilisimama mbele ya jeneza la baba yako nikasema yote. Watu wananikodolea macho tu. Nimemaliza kumwita mwizi wa kuku, na wewe, mwanangu, ukaitikia Amina."

Otilia alikumbuka. Alimwona mzee akichezesha midomo, akajua anasali, akaguswa sana. Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Nikarudi nayo nyumbani," Mzee Kikoti aliendelea, akigusa kifua. "Mwaka mzima yananikaa hapa. Halafu unaniacha na hiki chombo chako, kinaniuliza kwa adabu, 'Gari la marehemu lilikuwaje?' Kilinisikiliza, mwanangu. Neno kwa neno."

"Basi niambie mimi, Mzee. Mlango ulikuwaje kweli?"

"Siwezi kumsema vizuri mtu ambaye sijamzika. Mwite mama yako."

Bi Gaudensia alitoka nyumba ya nyuma akijifunga khanga. Aliutazama mlango, akamtazama Kikoti, na kabla hajaambiwa akachomoa punje yake akaidumbukiza kwenye kopo la grisi.

"Severini, ni wewe uliyefanya hivi?"

"Kafanya mumeo, kwa kula ugali wa watu. Mimi nimesimulia tu. Na ndivyo mlivyo Wangoni wote. Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka wakaacha viatu njiani."

"Babu zetu hawakuwa na viatu," Bi Gaudensia alisema. "Hivyo mlivyookota mliviacha wenyewe, wakati mnatukimbia."

Mzee Kikoti akaingia ndani ya Pijo, iliyosimama pembeni ya mtambo bila milango, akaukumbatia usukani. "Gari halitoki," alitangaza. "Maiti wangu hajazikwa. Ugoro wangu uko wapi?"

Bi Gaudensia alikuwa anacheka, jambo ambalo Otilia hakuliona tangu msiba. Alirudi ndani akatoka na koti la Jumapili la mumewe, lililopigwa pasi. "Ugoro sina, chukua hili. Litakupwaya, lilikuwa la mwanaume."

Mzee akalivaa. Vidole vyake vilipotelea mikononi mwa koti. Kisha akashuka na kusimama mbele ya Mkunjabati.

"Andika," alisema, na sauti haikuwa ile ya mwanzo. "Mlango ulikuwa mnyoofu. Chini ya kitasa palikuwa na bonde. Masika moja nilishikwa na kidole tumbo, najikunja kama funza, na mlango umekwama. Longinus akaupiga goti mpaka ukafunguka. Kwenye matope gari likanasa, akanibeba mgongoni mpaka hospitali, huku anachechemea. Fundi alitaka kulinyoosha lile bonde, akamkatalia. Nikipanda tu, ananiambia, 'Karibu, mgonjwa.'"

"Kina cha bonde?" Mkunjabati uliuliza.

Mzee akakunja mkono wa koti, akatoa kiganja. "Hiki kinalala humo chote."

Mtambo ukakisoma kiganja, ukachukua bati jipya, ukafanya kazi. Ulipomaliza, Mzee Kikoti alikiweka kiganja chake chini ya kitasa, akakiacha pale.

"Ushahidi wa kwanza unapingana na wa pili," Mkunjabati ulisema. "Nifute wa kwanza?"

"Usifute," alisema Bi Gaudensia. Alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, ila kicheko chenyewe kilikwisha kukoma. Akaketi juu ya rundo la mabati. "Otilia, leo ndiyo nimefiwa."

Akalia kwa sauti, kama walivyolia watu zamani, na binti yake akamshika mabega. Mzee Kikoti akamwacha alie kiasi chake. Kisha akakohoa.

"Shemeji, inuka hapo," alisema. "Hayo mabati ni ya buti, na kwa uzito wako tutapata karai."

Bi Gaudensia akavua kandambili, akamrushia.