Chujio Jeusi Chumbani kwa Mama Mkwe

Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa mama mkwe wangu, simu mkononi, nimeshaanza kurekodi.

Ndani alikuwemo mtoto wangu. Mlango umefungwa kwa funguo, na uwazi wa chini umezibwa na blanketi.

"Yeyo, fungua."

Nikagonga.

"Yeyo... nipe mtoto wangu."

Nilichokisikia ni ile mashine ya hewa tu, ikinguruma taratibu.

Nyie, ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkianzia hapa mtanihukumu.

Naitwa Leonida, Mmbulu wa hapa hapa Karatu. Nafanya usafi wa vyumba kwenye lodge moja. Mume wangu Loserian ni Mmasai wa Enguserosambu, dereva wa watalii. Akishapita kreta na kuteremkia Serengeti, kumpata kwenye simu ni bahati yako.

Binti yetu Nashilu ana pumu. Na mnaoijua Karatu wakati wa kiangazi mnalijua lile vumbi jekundu. Unafuta meza, unageuka, limejaa tena. Daktari alitushauri tupunguze vumbi ndani ya nyumba, Loserian akaenda Arusha akarudi na mashine ya kusafisha hewa.

Ina feni, na ndani yake kuna chujio jeupe, nene, lililokunjwakunjwa, linalokamata hata vumbi ambalo jicho halilioni. Juu ina kitaa. Kikiwa cha bluu, hewa safi. Kikiwa chekundu, hewa chafu.

Tukafunga madirisha. Kifua cha mtoto kikatulia. Nikasema asante Mungu.

Ndipo akaja Yeyo. Kwa Kimasai ni mama, na wote nyumbani ndivyo tunavyomwita, ingawa jina lake ni Nosim. Alikuwa ametoka kuugua, mume wangu akaomba akae kwetu mpaka apate nguvu. Nikamweka chumba cha Nashilu, wakawa wanashinda na kulala humo pamoja, na mashine yao.

Mwanzoni tulikaa vizuri tu. Halafu nikaanza kuona mambo.

Nikirudi kutoka kazini namkuta mtoto amelegea, analalamika kichwa. Siku zangu za mapumziko, mzima kabisa, anakimbizana na kuku. Nikienda kazini tena... kichwa kile kile.

"Leo amekula nini, Yeyo?"

"Chakula chako."

Basi. Macho chini. Na mlango wa chumba akawa anaufunga kwa funguo hata akienda kuoga.

Siku moja nilimwomba Yeyo anitolee mashine, nikaifungua niisafishe.

Chujio lilikuwa jeusi. Jeusi tii.

Nikachoka. Vumbi la Karatu ni jekundu, jamani. Na mimi napikia gesi. Huu weusi umetoka wapi?

Nikamsimulia Dorkasi, shosti wangu wa kazini.

"Huyo anachoma kitu humo ndani," akasema.

"Kitu gani?"

"Unaniuliza mimi? Wewe Mmbulu umeolewa na mtoto wao wa kwanza. Unadhani walifurahi?"

"Yeyo hajawahi kunitamkia neno baya."

"Ndio hao hao."

Hilo neno likaniganda. Nikawa namchunguza mama wa watu kila anapopita. Nilipofua shuka zake, nikazinusa. Moshi.

Nikampigia Loserian mpaka nikampata.

"Mama yako anamfanyia mtoto kitu."

"Leonida, angalia unachosema."

"Chujio ni jeusi, Loserian. Shuka zinanuka moshi. Mlango unafungwa muda wote."

"Kwa hiyo mama yangu mchawi?"

Simu ikakatika. Kama ni mtandao au ni yeye, mpaka leo sijui.

Ndiyo maana mchana ule niliomba ruhusa kazini. Nilitaka nimkute, nirekodi, mume wangu aone kwa macho yake.

"Yeyo, navunja mlango."

Nikaupiga bega, wapi. Nikapiga kelele kumwita jirani yetu Josephati, fundi wa magari. Akaja mbio, akaupiga teke kitasa kikang'oka.

Joto likanipiga usoni.

Hakuna moshi. Hakuna harufu ya dawa yoyote. Dirisha limefungwa, pazia limeshushwa. Sakafuni kuna jiko la mkaa, makaa yamekolea vizuri. Yeyo amelala ubavu, amemkumbatia Nashilu ndani ya shuka lake.

Nikawatikisa. Hawaamki.

Na pembeni yao mashine, kitaa cha bluu. Hewa safi.

"Watoe nje," Josephati akasema. "Usiulize chochote, watoe nje."

Tukawalaza barazani kwenye ule upepo wa baridi wa Karatu. Nashilu akatapika, akalia. Sijawahi kufurahia kilio maishani kama kile. Yeyo alikuwa anapumua kwa mbali tu. Josephati akatupakia kwenye gari la mteja wake mpaka hospitali, wote wakawekewa oksijeni.

"Mlikuwa na jiko la mkaa ndani?" daktari akauliza.

"Ndiyo, lakini tuna mashine ya kusafisha hewa. Ilikuwa inaonyesha bluu."

Akaniangalia kwa huruma.

"Mama, hiyo inakamata vumbi na masizi, na inakamata vizuri. Ila mkaa unatoa gesi ya sumu, haina rangi wala harufu. Inapita kwenye chujio bila kuzuiwa, na hicho kitaa hakiioni. Ungechelewa kidogo..."

Yale masizi meusi yalikuwa ya vijiti ambavyo Yeyo alikuwa akiwashia mkaa.

Jioni Yeyo akafumbua macho.

"Mtoto?"

"Mzima. Yeyo, kwa nini uliwasha jiko ndani?"

"Baridi. Tangu niugue, inaniingia kwenye mifupa. Loserian aliniambia hiyo mashine inakula moshi. Nikajua moshi hautamsumbua mtoto."

"Na mlango? Mbona ulikuwa unafunga?"

Akageukia ukutani.

"Nyumba yako safi sana, mwanangu. Niliogopa ukiona jiko utanirudisha Enguserosambu, nisimwone tena mtoto."

Nililia, jamani. Miezi yote hiyo mimi namwogopa yeye, kumbe yeye ananiogopa mimi.

Loserian alifika kesho yake, akakaa kitandani kwa mama yake ameshika kichwa. "Ni mimi niliyemwambia inakula moshi," akawa anarudia hilo hilo.

Niliporudi kazini Dorkasi akanivuta pembeni.

"Enhe, alikuwa anachoma nini?"

"Mkaa."

"Mkaa tu?"

"Mkaa tu. Na nusura uniondolee watu wawili."

Siku hizi jiko linakaa nje. Yeyo ana blanketi zito na chupa ya maji ya moto. Madirisha tunayafungua alfajiri kabla magari hayajatimua vumbi, kisha tunafunga na kuwasha mashine. Kama mnayo nyumbani, itumieni, inasaidia kweli. Ila mkaa usiingie chumbani hata siku moja, kitaa kiwe rangi gani.

Na ukimtilia shaka mtu wa nyumbani kwako, muulize yeye kwanza. Mimi nilimuuliza Dorkasi, nikamuuliza mume wangu, nikaziuliza mpaka shuka. Yeye mwenyewe nilikuja kumuuliza akiwa na mpira wa oksijeni puani.