Begi Lililojaa Pumzi

Jumamosi ya pili ya Februari ndiyo siku mambo yote yalipoharibika, na yalianza kuharibika kwenye bomba kavu.

Bomba lenyewe liko nyuma ya nyumba yetu hapa Kaloleni. Wakubwa wa serikali walikuja kulifungua kwa utepe na kamera. Maji yalitoka siku ya utepe, yakatoka kidogo wiki ile, kisha yakanyamaza. Tangu hapo tunapanga foleni kwenye kioski cha maji cha Wechuli, na kazi hiyo ni ya binti yangu Becky, mwenye miaka kumi na miwili, kwa sababu mama yake hayupo. Milka, mke wangu, alifia wodini siku ambayo mwenye ufunguo wa stoo ya dawa alikuwa amekwenda mkutanoni. Sitasema zaidi.

Mimi naendesha bodaboda. Steji yangu ya kungojea abiria ni Mamboleo, na safari ndefu sizikatai. Wenzangu wengi hawanywi maji njiani. Wanasema ukinywa utasimama kujisaidia, ukisimama abiria ananuna. Lakini mimi nina begi la maji. Ni begi jembamba la mgongoni, ndani lina mfuko wa plastiki, na mrija wake mrefu unafika mdomoni, kwa hiyo unakunywa huku mikono iko kwenye usukani. Milka ndiye aliyelichomoa kwenye rundo la mitumba pale sokoni Kibuye. Nikimbeba Becky, yeye hulivaa, na mrija unapita begani mwangu.

Steji wananicheka. "Baba Becky, leo umenyonya?" mwenzangu Laban hupiga kelele. "Hayo ni maji ama maziwa?"

"Cheka tu," mimi humjibu. "Siku ukizimia, mimi ndiye nitakubeba."

Siku ile nilikuwa nampeleka Becky Pap Onditi kwa nyanya yake, Dani Aoko, kisha niendelee hadi Kendu Bay na mzigo wa vipuri. Nyumbani hakukuwa na tone la maji. Nilikuwa nimefanya kazi tangu alfajiri kwa kikombe cha chai ya jana. Nikamtuma Becky ajaze begi kioskini.

Mbele yake kwenye foleni alisimama Shantel, mwanafunzi mwenzake. Alipouona mrija, alicheka mpaka mtungi ukamtoka mkononi.

"Kumbe ni kweli! Baba yako ananyonya kama mtoto!"

Foleni nzima ikageuka kumtazama Becky. Akatoka pale na begi tupu. Nyuma ya ukuta wa kanisa, akaweka mrija mdomoni akapuliza, akapuliza tena, mpaka mfuko ukafura. Kwa macho, begi lilikuwa limejaa.

Haya nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule niliona begi limefura, nikasema, "Asante, mama," tukaondoka.

Jua la Ahero lilitukuta likiwa kali. Niliuma mrija nikavuta. Ukanipa upepo wa moto.

"Becky, mrija umekunjika?"

"Ndiyo, Baba. Tutaunyoosha tukifika kwa Dani."

Ningenunua maji pale pale Ahero. Lakini ninunue ya nini, na begi limejaa mgongoni mwa mtoto wangu? Na kusimama kuunyoosha mrija sikutaka, mzigo wa vipuri ulikuwa ukingojewa.

Tulipopita Katito jasho likakauka. Nilifurahi, nikadhani upepo umenipoza. Kumbe mwili ulikuwa hauna tena cha kutoa. Kichwa kikaanza kugonga ndani ya helmeti. Mguu ukakaza nikashindwa kukanyaga gia. Mstari wa katikati ya barabara ukawa miwili, na sikujua nifuate upi.

"Baba, unaenda upande upande!"

"Nyamaza. Tumekaribia."

"Baba, simama!"

Nilimjibu, lakini ulimi ulikuwa mzito, hata mimi sikuelewa nilichosema. Mbele yetu lori likatokea. Becky akaanza kuipiga helmeti yangu kwa ngumi zote mbili.

"Baba, begi ni tupu! Hamna maji! Nilipuliza pumzi tu! Simama, Baba, tutakufa!"

Sijui ni neno gani liliufikia mkono wangu. Nilibana breki, tukaingia kwenye nyasi, pikipiki ikalala na sisi tukalala. Lori likapita likipiga honi.

Becky alikimbia kumwita mama mmoja aliyekuwa akiuza matikitimaji kando ya barabara, anaitwa Nasambu. Wakanivuta kivulini, wakanivua helmeti na jaketi, wakanimwagia maji shingoni. Nilinyakua kikombe kwa mikono miwili.

"Pole pole, Bwana!" Nasambu akanizuia. "Kidogo kidogo. Hapa kwangu maji hayaishi."

Becky alikuwa amepiga magoti kando yangu. "Baba, mimi ni nani? Niambie jina langu."

Nilimtazama usoni. "Milka," nikasema.

Akalia kama siku ya mazishi ya mama yake. Tulikunywa pamoja, yeye akishika kikombe, mimi nikimeza, mpaka miti ikaacha kuzunguka. Ndipo nikasema, "Wewe ni Becky. Acha kulia, Becky."

Jioni, baada ya kutibiwa kwenye zahanati, tulikaa kwa Dani Aoko. Becky alisimulia yote, kuanzia kwa Shantel mpaka ukuta wa kanisa. Dani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu, kicheko cha Shantel kilikuuma dakika moja," alisema. "Uongo wako ungekuuma maisha yako yote. Ule ukweli ulioupigia kelele barabarani, ungeusema Ahero kwa sauti ndogo, na baba yako angenunua maji." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mtu mzima, unatoka na chai ya jana? Mwenye safari hunywa kabla ya kuwasha pikipiki, na hunywa njiani kabla kiu haijamshika."

Nikachukua kikombe, nikanywa.

Jumatatu jioni, tukiwa tumesharudi Kaloleni, afisa mmoja wa maji alikuja na kamera kulitazama bomba letu. Akahutubu. Becky alipita mbele ya Shantel na watu wote, begi mgongoni, limejaa maji ya kweli, mrija unaning'inia. Akainua mkono.

"Mzee, maji yetu yalienda wapi?"

Afisa alikunywa funda kutoka kwenye chupa yake. Akatazama saa. Akatazama gari lake.

Becky hakuushusha mkono. "Mzee, nimeuliza. Maji yetu yalienda wapi?"