Kambale wa Mashimo ya Dhahabu

Tangu asubuhi maneno yale yalimzunguka Bénédicte kichwani kama inzi: eti samaki wa mashimo ya dhahabu wameingia soko la Bunia, wanauzwa kama samaki wa ziwa. Aliyasikia bombani, akaondoka na ndoo isiyojaa.

"Kama ile samaki inakula dhahabu, munipe mbili!" jirani yao, mama Marie-Claire, alikuwa ametania pale bombani. "Nitavaa mukufu bila kununua!"

Wote walicheka. Bénédicte hakucheka.

Juzi mama yake, Monique, alimtuma sokoni kuchukua samaki wa kuuza, wale wa ziwa wanaoletwa kutoka Tchomia. Njiani alisimama kutazama mpira, na alipofika, gari la ziwani lilikuwa limekwisha kuuza. Akaogopa kurudi mikono mitupu. Akachukua kambale wa Emery, kijana anayevua kwenye mashimo yaliyojaa maji baada ya kuachwa na wachimbaji wa dhahabu. Nyumbani akasema, "Ni ya Tchomia, mama."

Mama alimwamini. Akawaosha kwa ndimu, akawakausha kwa moshi. Leo ndiyo kwanza wametoka motoni, na hata mmoja hajauzwa.

Walipopanga meza sokoni, alifika bwana Honoré, mtafiti mwenye sanduku la barafu. Akaomba kipande kidogo cha nyama.

"Kidogo vile, utashiba?" Monique alicheka, mkono juu ya tumbo lake la ujauzito.

"Haiko ya kula, mama. Ni ya laboratoire, kule wanapima vitu. Samaki inajengwa na chakula yake na maji yake. Ya ziwa iko na alama yake mu nyama, ya shimo iko na ingine. Tena tutaangalia kama iko na zebaki, ile dawa ya kukamata dhahabu. Moshi haiiondoi, ndimu haiiondoi. Na mutoto wa tumboni, inamuharibu ubongo."

"Zangu ni za Tchomia," Monique alisema kwa fahari. "Jibu itatoka lini?"

"Kisha mwezi moja."

Monique alikuwa amekwisha kumega mnofu, anaupeleka mdomoni. Mwezi mmoja! Bénédicte akamdaka mkono.

"Mama, usikule! Ni za Emery, za mashimo. Nilikudanganya."

Mnofu ulianguka. Uso wa Monique ulikunjamana kwa hasira. Kisha akamvuta binti yake, akamkumbatia kwa nguvu.

"Bwana Honoré, kamata kipande yako, lakini andika ni ya shimo. Zingine tutazika zote." Akamfuta Bénédicte machozi kwa kitenge. "Laboratoire ingeniambia kisha mwezi. Weye umeniambia mbele sijameza. Umetuokoa, miye na mudogo wako. Lakini siku gari ikikupita, rudia na kitunga tupu, mwanangu. Tutakula sombe, majani yetu ya muhogo. Sombe haijaua mutu hapa kwetu. Uongo ilitaka kutuua."

Basi, watoto, epukeni haya:

Kuvua samaki au kuoga kwenye mashimo ya dhahabu.

Kununua samaki ambaye muuzaji hataki kusema alikotoka.

Kuamini kwamba moshi, chumvi au ndimu huondoa zebaki.

Kuchezea zebaki, hata ikikung'aria vizuri kiganjani.

Kumficha mama jambo la chakula, hata ukiogopa kugombezwa.