Usiupigie Amina

Haya yalimpata shangazi yangu Evangelina, mpiga piano wa usharika wetu pale kijijini Ndama, nami sipendi kuyasimulia. Mwaka wa tisini na nne walikuja kwetu wakimbizi wengi kutoka Rwanda. Mmoja wao alikuwa Anonciata, mjane aliyefundishwa piano na masista wa kwao. Alipewa chumba nyuma ya kanisa, yeye na bintiye Therese.

Katika mitumba ya msaada Therese alijipatia gemu ya mkononi, ile yenye kijitu kinachorukaruka kwenye kioo na muziki usiochoka. Aliishika kutwa nzima. Betri zilipokwisha, akashikwa na homa, akalala asiamke. Dawa za hospitali hazikumsaidia.

Mama yake, kwa uchungu, aliingia kanisani akaupiga muziki wa ile gemu kwenye piano. Aliupanga mwenyewe, besi mkono wa kushoto, sauti mkono wa kulia, ukasikika mpaka migombani. Therese akafumbua macho, akaomba uji.

Tangu hapo muziki ule ukipigwa, anaamka. Ukinyamaza, anafumba macho. Wazee wa kanisa walinung'unika, shangazi akawajibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Gemu yenyewe ikawa inakaa juu ya piano.

Muziki wa gemu hauna mwisho. Ukifika ukingoni unarudi mwanzo. Anonciata alipochoka aliuacha katikati, kama mtu aliyekatizwa maneno. Asubuhi moja alimwomba shangazi ampokee, yeye akamlishe mtoto.

"Dada, usiumalizie," alinong'ona. "Kwenye gemu mwisho ni mmoja tu. Kijitu kikifa."

Shangazi akapiga, akarudia, akarudia tena. Jua lilikuwa limeingia madirishani, na nyuma ya ukuta alimsikia Therese akicheka. Akafurahi. Moyo ukalegea, mikono ikawa inajiendea yenyewe. Mikono ile ilikuwa imepiga nyimbo za ibada tangu usichana wake, na kwetu wimbo haufungwi bila Amina.

Akapiga Amina.

Kicheko kikakatika.

Juu ya piano, gemu isiyo na betri ikalia. Sauti nyembamba. Inashuka. Inashuka tena. Kisha kimya. Ndipo Anonciata akapiga yowe.

Tulimzika Therese kesho yake. Nilimwona kwa macho yangu mama yake akiiweka gemu kifuani pa mtoto, na jeneza likapigiliwa misumari. Shangazi alilia mpaka sauti ikamkauka. Aliogopa hata kuitazama mikono yake.

Jumapili aliketi kwenye piano kwa kubembelezwa. Wimbo ukaisha, ikabaki Amina. Akabonyeza. Piano haikulia. Akabonyeza tena. Akaniita nimsaidie kufunua kifuniko.

Gemu ilikuwa ndani, juu ya nyuzi. Ina udongo mbichi. Mahali pa betri ni patupu. Kioo kinawaka. Kijitu kimesimama, kinapumua, kinasubiri.

Nikanyoosha mkono niizime. Shangazi akanishika.

"Acha," alinong'ona. "Nimeshamuua mara moja."

Tukafunika. Anonciata alikuwa benchi la mbele, akitutazama. Hatukumwambia.

Mpaka leo, kwetu Amina huimbwa kwa midomo tu, bila piano. Anayekaa karibu na piano husikia ndani yake kitu kidogo kikirukaruka.