Alama za Kibanja cha Rugera

Siku ya gulio la Bugene, Karagwe, mwaka 1954, Bwana Shamba mpya alipanda juu ya sanduku tupu la sabuni akaanza kuwafundisha watu namna ya kutandaza nyasi kwenye migomba na mikahawa. Jina lake Rwezaura, mtu wa Muleba, amehitimu Makerere mwaka uliopita. Alivaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi na soksi ndefu zilizofika magotini. Nyuma yake wanawake walichoma ndizi na kupanga samaki wakavu, mbele yake walisimama wanaume kama sitini wenye kofia na fimbo, wote wakiitikia kwa vichwa.

"Nyasi ziwe nene, kimo cha viganja viwili," alisema. "Zifunike kibanja chote, migomba na mikahawa. Ardhi ikikaa wazi, jua huila."

"Bwana Shamba, samahani." Sauti ilitoka upande wa samaki. "Hizo nyasi hukatwa na nani?"

"Na wakulima."

"Wakulima gani? Hawa uliowaweka mbele yako hawajawahi kutoka rweya na mzigo wa nyasi kichwani tangu wazaliwe. Tunaokata tuko huku nyuma, na hatukusikii."

Rweya ni zile mbuga za majani zilizo nje ya vijiji, na kila mtu pale alijua ni migongo ya nani huinama huko. Wanawake walicheka, hata wanaume kadhaa wakacheka. Rwezaura alimtafuta msemaji kwa macho akamwona: msichana mrefu mwenye gauni la kijani lililofungwa mshipi kiunoni, kitambaa cheupe kichwani, uso mtulivu kana kwamba hakusema kitu. Akashuka kwenye sanduku, akalibeba mwenyewe mpaka upande wa samaki, akapanda tena.

"Sasa mnanisikia?"

"Sasa ndiyo, waitu," alisema yule msichana, na neno hilo la heshima alilitamka kwa namna iliyowafanya wenzake wacheke upya.

Somo lilipokwisha, Rwezaura alimfuata. "Unaitwa nani?"

"Jina la kuandika kwenye kitabu chako au la kuniitia?"

"Yote mawili."

"Ni moja tu. Kemirembe, binti Apolinary, wa Rugera. Njoo uone mikahawa yangu, halafu useme kama nilikuuliza kwa ujeuri au kwa kujua."

Alikwenda. Nani asingekwenda? Kijana wa miaka ishirini na saba akialikwa kukagua mikahawa na msichana wa namna ile, hata kama hana baiskeli atatembea. Akakuta kibanja kilichotunzwa kuliko vyote alivyopata kuviona Karagwe. Mzee Apolinary alikuwa mgonjwa wa mgongo na hakuwa na mtoto wa kiume. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa Kemirembe na shangazi yake Eugenia.

Tangu hapo kila Alhamisi baiskeli ya Bwana Shamba ilielekea Rugera. Simu wakati ule ilikuwa kitu cha wakubwa. Wapendanao wa Karagwe waliandikiana barua, na barua za hawa wawili zilibebwa na katekista Cassian ndani ya mfuko wake wa vitabu vya nyimbo.

"Bwana Shamba," aliandika Kemirembe, "juzi ulivaa soksi mbili zisizofanana. Wanaume hawakuona. Mimi niliona, na nimecheka mpaka shangazi akaniuliza kama nina homa."

"Kemirembe wangu," alijibu Rwezaura, "nilizivaa gizani kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja kwako. Ukitaka zifanane, itabidi uje uzipange mwenyewe."

Kemirembe alikuwa na jambo alilolitaka kuliko soksi. Serikali ilitangaza mashindano ya vibanja. Mshindi atapewa toroli, na mtu mmoja wa nyumba yake atapelekwa Bukoba miezi sita kusomea ukulima na kurudi na cheti cha kufundisha wengine. Kanuni hazikusema mwanamume wala mwanamke. Mzee Apolinary alimwambia binti yake, "Tukishinda, utakwenda wewe." Kemirembe hakulala vizuri tangu siku hiyo. Akatandaza, akapogoa, akatega wadudu wa migomba, akipita kila mstari kwa mikono yake.

"Nikirudi na cheti wataniitaje?" alimuuliza Rwezaura siku moja. "Bwana Shamba haiwezekani."

"Bibi Shamba."

"Linapendeza. Litamke tena."

Akalitamka tena. Wiki ile alileta darasa lake zima, wakulima thelathini, waone mikahawa ya Kemirembe ilivyopogolewa. "Tazameni," aliwaambia. "Hivi ndivyo vitabu vinavyosema, na yeye hakusoma vitabu hivyo."

Basi mambo yalikuwa matamu, na labda yangebaki hivyo kama msimamizi wa mashindano asingekuwa Rwezaura mwenyewe.

Siku tatu kabla ya ukaguzi alipata barua kutoka Makerere. Walimtaka arudi, awe mwalimu msaidizi wa kilimo na mlezi wa bweni la wanafunzi, mradi Bwana Kilimo wa wilaya, yule Mwingereza mrefu, amwandikie barua ya kumsifu. Kazi hiyo Rwezaura aliiota tangu akiwa mwanafunzi. Jioni ile ile alipita karibu na nyumba ya pombe akawasikia watu wakinywa rubisi, na mmoja wao akisema, "Mashindano gani? Yamekwisha hayo. Hamjui baiskeli inalala wapi siku ya Alhamisi?"

Baiskeli haikuwahi kulala Rugera hata siku moja. Lakini maneno hayahitaji ukweli ili yatembee, na Rwezaura aliogopa yatafika kwa Bwana Kilimo.

Siku ya ukaguzi alipita nyumba kumi na moja pamoja na Cassian na mjumbe wa mtemi. Kila nyumba walipewa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi: mgeni hupokea punje kabla ya neno lolote, na anayezikataa ametangaza kwamba hakuja kwa heri. Nyumba kumi walipokea, wakatafuna, wakashukuru. Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Mzee Apolinary. Mzee alijikongoja mpaka mlangoni, akanyoosha kikapu kidogo kwa mikono miwili.

"Ahsante, mzee," alisema Rwezaura bila kumtazama. "Leo niko kazini."

Cassian alishtuka. Mikono ya mzee ilibaki hewani kidogo, kisha ikarudi. Kemirembe, aliyesimama nyuma ya baba yake na gauni lake la kijani, akampokea kikapu.

Jumamosi alama zilisomwa gulioni, kila kibanja kipengele kwa kipengele. Kibanja cha Gosbert wa Bugene: themanini na nne. Kibanja cha Apolinary wa Rugera: kutandaza, ishirini kati ya ishirini, wadudu, ishirini na saba kati ya thelathini, nafasi ya miche, ishirini na tano kati ya thelathini, kupogoa, saba kati ya ishirini. Jumla sabini na tisa. Gosbert akapigiwa makofi.

Kemirembe alimngojea kwenye mlango wa ofisi, kibanda cha mabati kando ya barabara.

"Shangazi amezunguka kwa majirani," alisema. "Kwa Gosbert ulitafuna. Kwa wote ulitafuna. Kwetu ulikuwa kazini."

"Kemirembe, naomba unisikilize."

"Nakusikiliza. Kupogoa, saba. Wiki mbili zilizopita ulileta watu thelathini kuja kujifunza kwenye mikahawa hiyo hiyo. Ulipoandika saba ulikuwa unaona miti gani?"

Rwezaura alikuwa na kisingizio kimoja au viwili tayari, lakini vilimshinda mdomoni. "Zilikuwa kumi na tisa," alisema. "Nilipunguza kumi na mbili. Niliogopa watu watasema nimekupendelea. Makerere wameniita, na barua yangu iko kwa Bwana Kilimo."

"Kwa hiyo ukanionea mimi ili wewe uonekane mwadilifu."

"Ndiyo."

"Angenipunja mtu anayenichukia ningeelewa." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi nilitaka kwenda Bukoba, Rwezaura. Ulijua. Wewe peke yako ndiye niliyekuambia naota nini."

"Nitakuja kwa mzee, nimwombe radhi."

"Alama hazikusomwa kwa mzee. Zilisomwa gulioni."

Akaondoka. Rwezaura aliandika barua tatu wiki ile. Cassian alizirudisha zote.

"Hazijafunguliwa," alisema Cassian. "Na mimi ni katekista, Bwana Shamba. Sikuahidi kuwa posta ya kwenda na kurudi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Rwezaura ilikuwa imefika mwisho. Alikuwa hali, halali, na akisimama mbele ya wanafunzi wake aliona haya. Kilichomuumiza zaidi ni kufikiri habari za Makerere. Alijiona ameketi na orodha ya majina ya vijana, akiamua nani apite na nani arudi kwao, na moyoni akijua kwamba akiogopa, mkono wake unaweza kuandika chochote. Jumatatu akaenda kwa Bwana Kilimo na kumweleza yote.

Yule Mwingereza alisikiliza akizungusha kiko chake. "Tunaweza kurekebisha kitabu kimya kimya," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ukienda kusema mbele ya watu, barua ya Makerere siwezi kutia sahihi. Utanielewa."

"Nakuelewa, bwana. Zilisomwa mbele ya watu."

Jumamosi iliyofuata alipanda tena juu ya sanduku. "Kibanja cha Mzee Apolinary kilipata tisini na moja," alisema. "Mimi, kwa mkono wangu, nilipunguza kumi na mbili, kwa sababu niliogopa midomo ya watu. Kemirembe hakukosea kitu. Gosbert hakukosea kitu. Mwenye kosa ni mimi."

Watu waligeuka kumtazama mshindi. Gosbert, mzee mnene mwenye koti la suti juu ya kanzu, aliegemea fimbo yake akawaza.

"Nami nilishangaa," alisema hatimaye. "Kibanja changu nakijua. Binti aende Bukoba, ni haki yake. Lakini toroli nimeshaizoea, sirudishi."

Watu wakacheka, na mambo yakawa mepesi kidogo. Kisha sauti moja ikauliza kutoka nyuma, "Bwana Shamba, kumbe ni kweli unampenda?"

Rwezaura alifungua mdomo. Akatazama chini, akashuka kwenye sanduku, akajifanya anakusanya karatasi zake.

Kemirembe alikuwa akitazama. Alipopanda lori la Bukoba wiki mbili baadaye, Rwezaura alikuja kumuaga, akasimama mbali kidogo na watu.

"Ahsante kwa kunirudishia alama," Kemirembe alimwambia. "Najua zimekugharimu nini. Lakini yule aliyeuliza swali la mwisho hajajibiwa."

Lori likaondoka, na vumbi lote likabaki kwa Rwezaura.

Miezi sita si mingi kwa mwenye kazi, ila kwa anayengoja ni mingi mno. Makerere walimchukua mtu mwingine. Rwezaura aliendelea kufundisha, sasa akianzia upande wa wanawake kila gulio, na Alhamisi alikwenda Rugera kukata matawi na kubeba nyasi kwa niaba ya aliyekuwa mbali. Mzee Apolinary hakumsemesha mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili alimwambia, "Mwanangu, hilo tawi ulilokata lilikuwa zima." Eugenia alisema hiyo ndiyo salamu.

Kemirembe aliandika mara chache. Alisema yeye ni mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na wawili. Kwanza walimcheka, siku hizi wanaazima madaftari yake. Rwezaura alipomwandikia kwamba Makerere imekwisha, alijibiwa kwa mstari mmoja: "Nimesikitika kweli, maana mimi nilitaka tupate vyote viwili, cheti na Makerere." Alisoma neno lile "tupate" mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima kukiri.

Lori lilimrudisha siku ya gulio, mchana, watu wakiwa wengi. Kemirembe alishuka akiwa na sketi ya kaki, blauzi nyeupe, viatu vyeusi vilivyojaa vumbi, na sanduku la bati. Rwezaura alipita katikati ya watu wote, hakuzunguka kwa nyuma ya maduka, akalichukua sanduku na kuliweka begani.

"Bwana Shamba," Gosbert alimwita kutoka kwenye benchi, "siku hizi umekuwa mpagazi? Sanduku la nani hilo?"

"La Kemirembe binti Apolinary," alijibu Rwezaura, na alisema kwa sauti ile ya kufundishia, iliyofika mpaka kwa wauza samaki. "Nampenda. Niliulizwa hapa nikanyamaza, na sasa najibu. Nakwenda kwa baba yake kumposa."

Wanawake waliacha kupima dagaa. Kemirembe alisimama akamtazama.

"Mimi sijaulizwa," alisema.

"Nakuuliza. Utakubali kuwa mke wangu?"

"Mbele ya watu wote hawa? Na nikikataa?"

"Nitakuwa nimekataliwa mbele yao. Jumatatu nitakuja kazini kama kawaida."

"Mwezi ujao naanza kufundisha wanawake kule Isingiro. Siachi kazi hiyo."

"Usiache."

"Na Makerere wakikuita tena?"

"Barua tutaijibu pamoja."

Kemirembe akamkaribia. Alikuwa amemkasirikia mtu huyu kwa miezi, akampenda kwa miezi hiyo hiyo, na sasa hakuona sababu ya kuficha lolote kati ya hayo mawili. Akafungua kinywa kusema ndiyo, machozi yakamtangulia. Basi akamshika mkono, ule usiobeba sanduku. Siku zile hata mke na mume hawakushikana mikono gulioni. Wakapita hivyo hivyo kati ya wauza ndizi na wauza vyungu, polepole, hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake, mpaka wakaishika njia ya Rugera.